Mti Mweupe Katika Jicho la Kushoto

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Kuanzia mlinzi wa geti la hospitali hadi daktari mwenyewe, wote walimwita Kengeza, kwa kuwa jicho lake la kushoto halikuwahi kuafikiana na la kulia tangu utotoni. Shuleni wenzake walimwambia ana bahati, jicho moja lisome na jingine lichungulie mwalimu anatokea wapi. Alipokuwa msichana jina hilo lilimchoma. Alipofika miaka thelathini alilizoea. Sasa, akiwa ameivuka hamsini, alilivaa kama koti la kazini, na mgeni akisitasita kulitamka, yeye mwenyewe ndiye aliyemsaidia. Alisema jina baya uliitikie mapema, watu wakose la kukuchekea.

Alikuwa fundi wa vifaa vya tiba. Mizani za watoto, mashine za kupima presha, darubini za maabara, vitanda vilivyokataa kupanda wala kushuka, vyote viliishia kwenye karakana yake nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Kilikuwa chumba kirefu, chembamba, chenye dirisha moja, na dirisha hilo alilipaka rangi nyeusi mwaka alioanza kazi ya kamera. Mabomba ya maji ya moto ya wafuaji yalipita ukutani, hivyo mchana kutwa ukuta ule ulikuwa na joto kama mgongo wa mtu. Ukiingia ghafla kutoka juani hukuona kitu. Ulisikia sauti yake tu ikikuonya usikanyage waya.

Kamera yenyewe haikuwa kubwa kuliko pasi. Ilikuwa na mpini, duara la mpira la kuegemeza usoni, lenzi mbili alizozichomoa kwenye darubini mbovu na moja aliyoisugua kwa mkono wiki sita, na skrini ndogo mgongoni. Unamwambia mtu atazame nukta ya kijani iliyo ndani, unabonyeza, taa inamulika mara moja, na picha ya ukuta wa nyuma wa jicho lake inatokea: uwanja mwekundu, mishipa ya damu iliyotawanyika kama matawi, na pale mti ule wa mishipa unapoota, kisahani cha rangi hafifu ambapo neva ya jicho inaingia. Katikati ya kisahani kuna shimo jeupe. Madaktari huliita kikombe. Kikombe kikiwa kidogo, jicho ni zima. Kikipanuka hadi kuukaribia ukingo wa kisahani, basi kuna kitu kinaila neva.

Kitu hicho ndicho kilichomla mama yake.

Presha ya macho haiumi, haiwashi, haitoi machozi. Huanza pembeni, kama panya anavyoanza mkeka ukingoni, na mwenye jicho hajui, kwa sababu katikati anaona vizuri. Mama yao alijua, lakini alinyamaza. Alihesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni. Alipanga vyombo kwa namna moja na kukasirika mtu akivihamisha. Watoto wakija kumsalimu aliwashika mashavu kwa mikono miwili kabla hajaitikia, nao wakadhani mapenzi yamemzidi uzeeni. Kumbe alikuwa anautafuta uso ulipo. Walipogundua, alikuwa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alisema angeonwa miaka kumi nyuma, matone ya kila siku yangemtosha. Kisha akaongeza kwamba maradhi haya hutembea katika damu, na wanawe waangaliwe kila mwaka.

Wanawe walikuwa wawili tu. Kengeza aliangaliwa siku ileile. Macho yake yalikuwa yamepinda lakini mazima. Akabaki mdogo wake, fundi cherehani, aliyemfuata kwa miaka saba na ambaye nyumbani hakuitwa ila Mdogo, hata alipoanza kuota mvi. Mdogo alikataa katakata. Daktari wa macho alifika katika hospitali ile Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili, na kila Alhamisi hiyo Mdogo alikuwa na nguo ya mtu ya kumaliza. Alipobanwa sana alisema ukweli wake: mtu akishaambiwa, upofu unaanza siku hiyohiyo. Asiyeambiwa anaishi.

Kengeza akaona kwamba kumburuta Mdogo hadi hospitalini hawezi, basi atatengeneza hospitali ndogo ya kumpelekea kwenye kiti chake. Wakubwa wa kazi aliwaeleza habari ya zahanati za mbali zisizo na daktari wa macho, na habari hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini moyoni kamera ile ilikuwa ya mtu mmoja.

Aliyekubali kukaa mbele yake mwaka wa kwanza na wa pili alikuwa Mama. Hakuna mwingine aliyetaka kumulikwa na kitu kilichofungwa kwa gundi na raba. Mama alikaa kwenye kiti cha karakana, kidevu juu ya kiegemeo cha mbao kilichokaa mezani, jicho la kulia likitazama ile nukta ya kijani, ambayo kwa lile tundu lake dogo aliiona hadi mwisho. Hakutikisika. Kengeza alipiga, akafungua, akasogeza lenzi kwa unene wa unywele, akapiga tena. Mara taa ilirudi kutoka kwenye kioo cha jicho na kuijaza picha mwanga mtupu. Mara picha ilitoka nusu nyeusi. Mama alisubiri, mikono mapajani.

"Umekiona kinachonitafuna?" aliuliza siku moja.

"Nakiona, Mama."

"Kimenenepa?"

Kengeza alicheka hadi akaiweka kamera chini. Ndivyo walivyokuwa wakizungumza juu ya jambo lile. Hawakuwa na namna nyingine.

Kila picha iliingia kwenye faili kwa namba. Hiyo ilikuwa sheria ya hospitali: picha ya jicho haiandikwi jina la mtu, ili siri ya mgonjwa ibaki siri. Kengeza aliishika sheria hiyo hata kwa mama yake. Mama akawa namba moja, namba mbili, namba tisini, namba mia mbili na kumi. Baadaye wafuaji wachache na mlinzi wa geti wakakubali kukaa, namba zikasogea hadi kupita mia tatu.

Mama alikufa mchana, usingizini, bila kumsumbua mtu. Waombolezaji walipotawanyika Kengeza alirudi karakanani kabla likizo yake haijaisha, kwa sababu nyumbani kila chombo kilikuwa mahali pake. Alitaka kazi isiyohitaji kuzungumza. Kamera ilikuwa na kasoro moja iliyobaki: picha zilitoka na mwanga mwingi katikati na giza pembeni. Dawa yake inajulikana na wote wanaotengeneza vifaa vya aina hii. Unachukua picha nyingi za watu wengi, unazichanganya ziwe moja. Mishipa ya kila mtu ina njia yake, kwa hiyo ikichanganywa hufutana, na kinachobaki ni makosa ya lenzi peke yake. Picha hiyo ya mchanganyiko unaiweka ndani ya kamera, nayo kwa kila picha mpya inapunguza palipozidi mwanga na kuongeza palipopungua. Kengeza alichanganya picha zote mia tatu na ushee. Zilizotokea baadaye zilikuwa laini na sawasawa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Alikaa akizitazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akahisi njaa.

Wiki mbili baadaye Mdogo alikuja mwenyewe. Alisema apigwe hiyo picha, basi, dada yake aache kumtazama kama mtu anayepima sanda. Akakaa kwenye kiti kile. Jicho la kulia lilitoka safi. La kushoto lilikuwa na ukungu kidogo upande mmoja, wakadhani ni mwako wa taa. Picha zilitumwa kwa daktari, naye akajibu kwa maneno machache kwamba vikombe ni vidogo, hakuna tatizo. Mdogo alishusha pumzi ndefu, akajisifu mtaa mzima kwamba amepimwa na mashine ambayo dada yake ameizaa mwenyewe, na kwamba ajabu kubwa ni mtu ambaye macho yake mwenyewe hayasalimiani kuyajua ya wenzake.

Kengeza alilala vizuri mwezi mzima.

Majaribio ya kamera kwa wagonjwa yalianza katika chumba kidogo karibu na mapokezi, pazia limeshushwa, kiti kimoja cha mgonjwa na kimoja cha nesi. Nesi huyo alikuwa mwanamke mtulivu ambaye kazi yake ilikuwa kuandika namba na kutazama picha isije ikawa imetikisika. Siku ya tatu, kabla ya saa sita, alimwita Kengeza pembeni na kumuuliza kama wagonjwa wale wana undugu.

Kengeza alishangaa. Walikuwa watu waliookotwa kwenye foleni.

Nesi alimfungulia picha za macho ya kushoto, moja baada ya nyingine. Katika jicho la kushoto mti wa mishipa huota upande wa kushoto wa picha. Uliota hapo, mwekundu, kila mtu na wake. Lakini upande wa kulia, mahali ambapo hapapaswi kuota kitu, palikuwa na mti wa pili. Ulikuwa hafifu sana, mweupe, kama mchoro wa kidole kwenye kioo chenye mvuke. Na pale ulipoanzia palikuwa na doa jeusi la duara.

"Huyu ana miaka ishirini," Nesi alisema akionyesha. "Huyu sabini. Huyu mama ni mpita njia tu, kaja kumtazama mgonjwa. Mti ni uleule, Fundi. Hata unavyopinda."

Kengeza alisema ni uchafu kwenye lenzi. Akaifungua kamera siku ileile, akaifuta kila lenzi kwa pamba na spiriti, akapuliza, akafunga. Asubuhi mti ulikuwepo. Akabadilisha taa. Mti ulikuwepo. Daktari alipoulizwa kwa simu alisema ni mwako tu, aumalize kabla yeye hajatia sahihi kwenye ripoti ya majaribio.

Siku ya tano alikuja mzee mmoja aliyevaa koti lililofungwa vifungo vyote. Alitazama nukta, akamulikwa, akaondoa uso taratibu kwenye mpira. Kisha, kwa adabu, kama mtu anayeuliza habari za nyumba ya watu, akasema, "Mwanangu, humo ndani mmemweka nani?"

Kengeza alimweleza anachowaeleza wote. Taa ikimulika jicho kwa ghafla, mtu huweza kuiona mishipa yake mwenyewe ikielea mbele yake kama matawi. Ni yake, wala si ya kuogopa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akashukuru. Matawi ameyaona, alisema. Lakini matawi hayamtazami mtu. Akachukua fimbo yake akaondoka, na siku iliyofuata waliokuja walikuwa nusu ya kawaida. Kwenye benchi la mapokezi ilishasemwa kwamba mashine ya Kengeza ina jicho la mtu.

Alikuwa na kamera ya pili, pacha wa ile ya kwanza, ambayo haijawahi kutoka kabatini. Lenzi nyingine, taa nyingine, kila kitu kingine, isipokuwa programu, aliyoinakili kutoka kwa ya kwanza. Aliipeleka chumbani, akamwomba Nesi akae kitini. Nesi hakutaka, ila alikaa. Kengeza akalipiga jicho lake la kushoto.

Mti ulikuwepo.

Nesi aliinuka akatoka bila kuuliza. Kengeza alibaki peke yake na ile skrini. Kwa kuwa sasa hakuwa tena anatafuta uchafu, kwa mara ya kwanza aliutazama mti wenyewe. Aliifuata mishipa yake myeupe mmoja mmoja. Mmoja ulipanda, ukajikunja kama kulabu, ukarudi chini, ukamkatiza mwenzake mara mbili. Kulabu ile alikuwa ameiona asubuhi na jioni kwa miaka miwili. Angeweza kuichora gizani. Ilikuwa ndani ya jicho la kulia la Mama.

Ukuta nyuma yake ulikuwa baridi, maana chumba kile hakikuwa na mabomba. Hata hivyo alihisi joto la mtu mgongoni. Hakugeuka. Alisema polepole, "Mama?" kisha akaona haya kwa kusema, akapandisha pazia.

Mama hakuwahi kuonekana kwenye picha ya mtu mwingine alipokuwa hai. Alianza kuonekana baada ya kuzikwa.

Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu. Mdogo alikuja mbio, na chaki ya cherehani bado iko sikioni, akataka kuonyeshwa. Kengeza alikuwa amejiandaa kumtuliza. Haikuhitajika. Mdogo aliisogelea skrini hadi pua ikaigusa, akageuza kichwa kidogo upande, akaukuta mti, akaufuata kwa ncha ya kidole bila kuugusa. Machozi yalimtoka kimyakimya. Aliuliza kama na katika jicho lake Mama yumo. Kengeza alifungua picha ya zamani, ile ya ukungu. Alikuwemo.

"Usimtoe, Dada," Mdogo alisema.

"Watu wanaogopa."

"Wataacha. Hamdhuru mtu. Anawaangalia tu, si ndiyo kazi ya mama?"

Kengeza hakuahidi, lakini hakukataa pia. Ukweli ni kwamba naye alitaka hivyohivyo. Siku mbili alifungua picha za wageni bila sababu, akitafuta kulabu. Alipoiona alihisi kama mtu aliyesikia kikohozi anachokijua chumba cha pili. Alikuwa mtu wa vyuo na vipimo, na alijua kabisa kwamba kila kilicho kwenye picha kina njia iliyokipitisha. Hakuitafuta njia hiyo kwa haraka.

Aliipata akiwa hatafuti. Alikuwa anahesabu picha za faili ili aandike ripoti, akakuta kwamba kuanzia namba moja hadi mia mbili na sitini zote ni jicho la kulia. Hakuna hospitali duniani ambako watu mia mbili na sitini hufuatana kwa macho ya kulia. Akakaa chini. Alikuwa amechanganya picha za watu wengi, kumbe amechanganya mtu mmoja. Mama hakutikisika, nukta ilikuwa ileile, kiegemeo kilekile. Mishipa yake haikufutana, ilijazana juu ya mwenyewe mara mia mbili na sitini, na yeye, mwanawe, aliyeziweka namba kwa heshima ya siri, akazisoma namba kama umati. Kisha akamtia Mama ndani ya kila kamera.

Alicheka peke yake, kicheko kifupi. Basi hakuna mzimu. Kuna fundi aliyefiwa na kufanya kazi akiwa hajala.

Hapo wengi wangefunga faili wakaenda kunywa chai. Lakini kuna kitu kilimkaa vibaya, nacho ni rangi. Mishipa ya Mama ilikuwa myekundu iliyoiva, kama ya kila mtu. Kwa nini hapa ni myeupe? Alichukua penseli na karatasi. Kamera hupunguza palipozidi mwanga na kuongeza palipopungua. Palipokuwa na giza kwa Mama, yaani kwenye mishipa, inaongeza nuru. Na palipokuwa na nuru kwa Mama, inatia giza. Ndiyo maana mti ulikuwa mweupe, na ndiyo maana ya lile doa jeusi ulipoanzia. Doa lilikuwa kikombe cha Mama, kilichopanuka hadi ukingoni, kilichogeuzwa kuwa giza.

Penseli ilisimama. Katika jicho la kushoto doa lile liliangukia uwanja mtupu, na ndiyo maana lilionekana. Katika jicho la kulia liliangukia palepale kwenye kikombe cha mgonjwa. Mtu akiwa na kikombe kipana, cheupe, cha kutisha, kamera ilikijaza giza hadi kikafanana na kidogo. Hakuna ambaye angeliona doa hilo, kwa sababu lilionekana kama afya.

Watu thelathini na wanane walikuwa wamepigwa picha na kurudishwa makwao wakiambiwa jicho la kulia ni zima. Wa thelathini na tisa, aliyewatangulia wote, alikuwa Mdogo.

Alimpigia daktari, akamweleza bila kujitetea. Daktari aliuliza kama picha mbichi zipo, zile za kabla kamera haijazisawazisha. Zilikuwepo zote. Akamwambia atengeneze mchanganyiko mpya na ampelekee kila kitu, wala hakumkaripia, jambo lililomuumiza Kengeza kuliko karipio lenyewe.

Alikata kipande cha plastiki nyeupe, akakikwaruza kwa msasa kisirudishe mwako, akakiweka mbele ya lenzi mahali pa jicho. Akapiga mara mia. Zilikuwa picha za weupe mtupu, zisizomtazama mtu yeyote. Programu iliuliza kama faili la zamani lifutwe. Picha zenyewe za Mama zilikuwepo zote na namba zake. Hakuna ambacho kingepotea. Alijiambia hivyo mara tatu. Bado kidole kilikaa hewani hadi skrini ikajizima, akalazimika kuiamsha na kuanza upya. Kisha akabonyeza. Chumba hakikubadilika. Mashine za kufulia ziliendelea kuzunguka upande wa pili wa ukuta.

Alianza na wale wageni. Alizipitisha picha mbichi moja moja, na miti myeupe ikatoweka katika macho ya kushoto kana kwamba haijawahi kuota. Katika macho ya kulia, vikombe vya watu watatu vilitokea vipana. Mmoja alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba. Aliandika namba zao kwa mwandiko mkubwa, waitwe. Namba ya Mdogo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, lakini aliiruka, akaiacha ya mwisho. Na ilipobaki peke yake alikwenda kunawa mikono.

Jicho la kulia la Mdogo lilipotokea, kwa sekunde moja alidhani amekosea, hajafuta kitu. Kisahani kilikuwa kimeliwa upande mmoja, kikombe kimefika ukingoni. Alitafuta kulabu. Haikuwepo. Mishipa ilikuwa ya Mdogo, na ugonjwa ulikuwa wa Mdogo.

Alifika kwake saa tisa mchana. Mdogo alikuwa mbele ya cherehani, gauni la mtu limemwagika mapajani, akashangilia kumwona na kumuuliza kama Mama hajambo. Kengeza alivuta kiti. Njiani alikuwa amepanga maneno ya kuzunguka, yote yalimkimbia. Alieleza habari ya namba, ya mchanganyiko, ya giza na nuru, kama anavyoelezea mtu wa kazini. Mdogo alisikiliza akiendelea kukunja pindo. Hakuwa mjinga, na mapema kuliko Kengeza alivyotarajia, mguu wake ulitulia juu ya pedeli.

"Kwa hiyo Mama alinificha," alisema.

"Si Mama. Ni mimi."

"Ulisema mzima."

"Nilisema. Nilikosea, mdogo wangu."

Mdogo hakulia wala hakugomba. Aliutazama mkasi kama hajui ni wa nani. Alisema alikuwa na mwezi mmoja mzuri sana, ule baada ya kupimwa. Hakuwahi kuwa na mwezi kama ule tangu Mama aanze kupapasa watu mashavu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba mwaka mzima uzi anatungiwa na jirani. Kitambaa kikiwa upande wa kulia wa meza hukipoteza, hulalamika kimeibwa, kisha akigeuza kichwa hukikuta. Alidhani ni usahaulifu. Hapana, akajisahihisha; hakudhani. Alisema tu ni usahaulifu.

Kengeza alimweleza kwamba kilichokwisha kuliwa hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kubaki, kwa matone, kila siku, maisha yote. Daktari anafika Alhamisi.

"Alhamisi nina gauni hili."

Kengeza alibaki kitini. Alikuwa amejibu maneno kama hayo miaka mingi. Hatimaye Mdogo alikunja gauni, akaliweka pembeni, akainua kiganja cha kushoto na kulifunika jicho la kushoto. Likabaki la kulia peke yake, likimtazama dada yake usoni, kubwa, jeusi, tulivu.

"Nakuona wewe," alisema. "Pua naiona. Mlango siuoni."

Mlango ulikuwa wazi, hatua nne kutoka kwenye kiti cha Kengeza, na jua lote la mchana lilikuwa linaingilia hapo.

"Usigeuze kichwa. Tazama pale nilipokaa, kitini."

"Natazama."

Kengeza aliinuka, akaanza kusogea kuelekea mlangoni, polepole, unyayo mbele ya unyayo. Jicho la Mdogo halikumfuata. Lilibaki kwenye kiti kitupu, limetii.

"Bado nakuona," Mdogo alisema. "Bado. Una bega moja." Kengeza akasogea tena. Hakuwa mbali, angeweza kuunyoosha mkono akamgusa nywele.

"Hapo, Dada. Hapo umetoweka."

Kengeza alisimama palepale. Kisha, bila kuinua mguu, aliinama akaichukua chaki kwenye ukingo wa meza ya cherehani na kuchora mstari sakafuni mbele ya vidole vyake, ili wapime umbali wake hadi kitini, na Alhamisi daktari apewe kipimo kamili cha mahali jicho linapokoma kuona.